Mikono ya Nguo za Baridi

Chumba cha nyuma, nyumbani kwa fundi saa,
Jumapili mchana, katikati ya mwezi wa nane.

Dada yangu mpendwa uliye mbali,

Nakusalimu kwanza, maana nikianza na habari nitasahau salamu, na mama akijua atanisema mwaka mzima. Hujambo? Unalalaje, unaamkaje, mgongo wako unasemaje siku hizi? Uliniambia wale wazee unaowahudumia ni wazito kuwageuza kitandani. Kila nikiinua ndoo ya maji nakukumbuka, nakuombea.

Sisi hatujambo. Mama ni mzima, ila magoti yake yanamwambia mvua inakuja hata siku ambazo haiji. Shemeji yako ni mzima, anafanya kazi, anakoroma. Binti yako ni mzima sana, ana maswali mengi kuliko mwalimu wake, na mama anasema amekurithi wewe. Mwanangu naye, ambaye nyumba nzima sasa tunamwita Kidole kwa vile chake hakitoki mdomoni, amelala hapa kitandani nyuma yangu. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kushika kalamu. Akiamka nitaandika kwa mkono mmoja, kwa hiyo mwandiko ukianza kuyumba usidhani ninaumwa.

Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu mimi na wewe huwa tunafika mahali palepale. Wewe unalia, mimi nalia, bando linakwisha, na hakuna lililosemwa. Najua unachosubiri ni neno moja tu, nakuja au siji. Umenihangaikia mpaka umenipatia kazi hapo unapofanya wewe, na mkubwa wako amekubali kunisubiri hadi mwisho wa mwezi huu. Mtoto haruhusiwi. Hayo yote nimeyaelewa, nimeyalaza kifuani na nimeamka nayo. Nivumilie nikueleze kwanza yaliyotupata hapa, halafu neno lako utalipata. Sitaki likufikie peke yake, kama mgeni asiye na hata mfuko mkononi.

Hapa kwetu, dada, maisha yamekuwa ya kusikiliza wengine. Nchi yetu ni ndogo, wewe unajua, na milango yake yote iko wazi. Huwa naifikiria kama kile chumba tulichokaa zamani chenye madirisha mawili yanayotazamana. Jirani akifungua lake, pazia letu ndilo linaloruka. Unga unatoka nje, mafuta ya kupikia yanatoka nje, hata vifungo tunavyoshona vinatoka nje, na tukishamaliza kushona, nguo nazo zinakwenda huko huko. Dola ikipanda, mwenye duka wa hapa kona anafuta bei ubaoni kwa kiganja bila hata kunyanyuka kwenye kiti. Juzi nikamuuliza, mbona mafuta yamepanda na chupa ni zile zile nilizoziona wiki iliyopita? Akaniambia, "Chupa ni zile zile, Mama Kidole, ila zimepata habari." Nikacheka, nikanunua nusu.

Usifikiri lakini kwamba kila kitu kinazama. Ukirudi leo utapotea. Wasichana wanauza viatu kwa simu wakiwa wamejilaza, pikipiki zinapeleka. Na ile njia ya kwenda uwanja wa ndege, uliyoiacha ni majani matupu, sasa imejaa maghala ya baridi, meupe, makubwa, hayana madirisha. Matunda yanalazwa humo kabla ya kupanda ndege. Shemeji yako yuko huko, anapakia. Jioni akirudi na kumshika mwanawe shavu, mtoto anaruka kama ameguswa na kifuniko cha friji.

Vinavyosinyaa ni viwanda vya nguo, na mimi ndiko nilikokuwa. Wanunuzi wa nje wamebadilika. Zamani oda moja ilitubeba msimu mzima. Siku hizi wanataka kidogo kidogo, tena haraka, na ukiwachelewesha wanahamia nchi nyingine kama mtu anayebadilisha foleni.

Mwanzoni mwa mwaka tulipata oda moja nzuri, ya nguo za baridi za watoto wachanga. Sijui kama ulishawahi kuzishika huko. Ni nguo moja nzima, imejazwa pamba kuanzia shingoni mpaka kwenye nyayo, kama kigodoro chenye miguu, na kifuani kuna bata mdogo wa njano. Dada, nilizipenda. Mchana jua likipita kwenye yale mabati ya plastiki ya paa, ukumbi mzima unakuwa na rangi ya maji yenye tone la maziwa, mashine zinanguruma kwa pamoja, nami nashona huku nikimwaza mtoto atakayeingia mle. Nilimpa uso. Nilimpa na mama, mama mrefu mwenye kofia, anamfungia zipu karibu na dirisha huku nje theluji inaanguka. Wewe uliniambia theluji haina sauti. Kuna siku nilishona mpaka kengele ya kutoka ikalia, na mimi nilikuwa bado niko huko kwao, nasikiliza kitu kisicho na sauti.

Sasa sikiliza tulichokifanya. Sampuli ilipofika kutoka kwa mnunuzi, kwenye ncha ya mkono wa nguo palikuwa na kipande kilichokunjwa na kuziba kabisa. Kiganja hakina pa kutokea. Tukapitishiana mstari mzima wa mashine. Mama Pacha, rafiki yangu wa mashine ya pembeni, akaingiza ngumi mle ndani akasema, "Aliyeshona hii alikuwa anasinzia." Msimamizi wetu, tunayemwita Pasi kwa vile shati lake halijawahi kukunjamana, akaigeuza huku na huku, akasema labda wamekosea huko huko walikoitoa. Mmoja wetu akauliza, sasa mtoto atanyonya vidole wapi?

Mstari wetu, dada, karibu wote tulikuwa na watoto wadogo. Kila mtu alimwona huyo mtoto amefungwa mikono kama mwizi, analia, hana hata kidole cha kujibembelezea. Pasi akauliza ofisini, ofisini wakamjibu shoneni inavyovalika. Basi tukaifungua. Tukakata kile kipande, tukapinda ukingo, tukarudia mshono ili uwe laini usimkwaruze. Hatukufanya kwa uvivu, ilikuwa kazi ya ziada. Tulijaza kontena zima la huruma.

Mkaguzi wa mnunuzi alikuja kabla ya kontena kufungwa. Akatoa nguo moja, akapitisha vidole vyake kwenye ule mwanya, akavichezesha mbele yetu, akauliza swali. Pasi akatutafsiria: anauliza, mkono wa mtoto utajificha wapi? Tukatazamana. Mama Pacha akasema, "Mwulize na yeye, mkono ujifiche umeiba nini?" Pasi hakuitafsiri hiyo.

Nguo zilikataliwa zote. Oda iliyokuwa inafuata ikapelekwa kwingine, na mstari wetu ukafungwa. Tajiri mwenye kiwanda hakututukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alitukusanya uani, akasema hana nguvu ya kutubakiza, na yule anayetaka zile nguo amwambie, atazitoa kwa bei ya kutupa, maana zinamjazia ghala na hapa hakuna mtoto wa kuzivaa.

Ujumbe wako wa kazi ulinikuta siku hizo. Mama akaniambia, "Nenda. Nilimlea wa dada yako, na huyu nitamlea." Shemeji yako alichukua kikombe akakiosha, akakiosha tena, kikombe kile kile. Nikajua anaogopa kunizuia na anaogopa kuniruhusu.

Nami nikaanza kuishi huko kwenu kichwani. Naosha vyombo, kumbe niko na wewe, tunatembea kwenye barabara pana, taa zimewaka mchana, tumevaa makoti ya kufanana, kama magauni yetu tulipokuwa wadogo. Unanionyesha dirisha lako. Unanicheka ninavyotembea. Nilikuwa nafurahi kabisa, dada, sikufichi. Ila katika ndoto hizo zote kulikuwa na jambo moja halikai sawa, na ilinichukua muda kulijua. Mikono yangu haikuwa imebeba kitu. Ilikuwa inaning'inia tu.

Mama Pacha ndiye aliyekuja siku moja amejifunga khanga kiunoni kama anakwenda kugombana. Akasema, "Twende tukaione hiyo baridi. Imetufukuza kazi na hata hatujawahi kukutana nayo." Nilidhani anatania. Lakini shemeji yako akatuombea ruhusa kwa mkubwa wake, na Jumamosi tukaenda, mimi na Mama Pacha na wenzetu wachache wa mstari, na Kidole mgongoni. Mlangoni nilimvalisha mojawapo ya zile nguo, tajiri alinipa kama ukumbusho. Mlinzi akauliza kama tumemleta mtoto au mto wa kulalia.

Mlango wa ghala la baridi ni mnene kama godoro. Ukipita unakuta mapazia ya plastiki, ukipita hayo unaingia mahali ambapo hewa imesimama. Kreti za matunda zimepangwa mpaka juu, mwanga ni mweupe, feni zinavuma taratibu. Palikuwa pazuri, kama ndani ya wazo la mtu mwingine. Mama Pacha akapumua akaona mvuke wake, akasema, "Jamani, natoa moshi na sijawahi kuvuta." Tukacheka, na vicheko vyetu navyo vikatoa moshi.

Kidole alikuwa anashangaa feni. Akatoa kidole mdomoni ili aionyeshe. Kilikuwa kimelowa mate. Akakitazama kana kwamba kuna mtu amekifinya, akakirudisha mdomoni, akakitoa tena, halafu akalia kilio ambacho sijawahi kumsikia nacho, cha kuuliza. Nikauvuta ule mkono wa nguo ukafunika vidole vyake, nikaukamata kwa kiganja changu nikauziba. Akanyamaza.

Mama Pacha akasema, "Kumbe." Basi.

Kile kipande tulichokikata hakikuwa kufuli, dada. Kilikuwa kiganja cha mama, wamekishonea pale kwa ajili ya dakika ambazo mama ameshika kitu kingine. Nilisimama pale nimeuziba mkono wa mwanangu, na miguu yangu ilikuwa inaganda, na sikutaka kutoka.

Tulipotulia ndipo tukawaona wapakiaji. Usiniulize kwa nini hatukuwaona mwanzo. Mmoja amevaa sweta za mitumba, moja juu ya nyingine, mpaka mikono haikunjiki. Mwingine amejifunga taulo shingoni. Shemeji yako amevaa soksi mikononi. Soksi zangu. Nilikuwa nazitafuta tangu mwaka jana, na yeye alikuwa anazitafuta pamoja nami mpaka chini ya kitanda.

Msimamizi wa ghala ni mama mmoja mpana mwenye funguo nyingi kiunoni. Akamshika Kidole tumboni, akaibonyeza ile pamba, akauliza kama tunauza. Nikamwambia ni za watoto. Akasema, "Hata mimi nina watoto hapa, ila wana ndevu."

Hapo ndipo mambo yetu yalipoanza. Tulirudi kwa tajiri, tukachukua zile nguo kwa kulipa kidogo kidogo, na yeye akatuazima mashine zilizokuwa zimefunikwa. Tumekodi chumba nyuma ya duka la rangi. Tunazifumua nguo za watoto, tunaunganisha vipande, tunatoa makoti ya watu wazima. La kwanza lilichanika kwapani mpakiaji aliponyanyua kreti, mbele ya wenzake wote, wakampigia makofi. Tukaongeza kipande kwapani. La pili lilikuwa zito, akasema anajiona amembeba mtu. Tukapunguza pamba. Na kwenye ncha za mikono, dada, tumeweka kifuniko cha kukunja, kinaziba vidole wakati mtu amesimama na kinafunguka wakati wa kushika. Hicho tunakishona kwa makini kuliko kitu chochote.

Bata tumemwacha. Kumfumua kunaacha matundu. Kwa hiyo ukiingia mle leo utawaona wanaume wazima, wana ndevu, wana sauti nzito, na kila mmoja ana bata wa njano mahali fulani, mwingine kifuani, mwingine begani, mwingine kichwa chini. Wanaitana Mchanga. "Mchanga, lete kreti." Shemeji yako anajifanya hapendi, ila koti lake halivui mpaka amefika nyumbani na jua linawaka.

Ghala la pili wameshaagiza. La tatu wametuita tukawapime watu wao, na Pasi ndiye anayetutembezea kazi. Siku aliyokwenda huko kwa miguu alirudi shati limekunjamana, na sisi sote tukanyamaza kwa heshima.

Sijidanganyi. Pamba yetu itakwisha, na nyingine inaingia kwa meli, kwa bei ya dola. Matunda nayo yanaliwa na watu wa nje, na siku wakiyachoka, maghala yatazimwa na hakutakuwa na mtu wa kusikia baridi. Kuna wiki tunagawana kidogo mpaka tunaoneana haya. Nisingekuambia haya yote kama ningetaka tu kukupendezesha.

Sasa neno lako. Siji, dada.

Nimeliandika polepole, na nimelitazama. Usilisome kama nakuhukumu. Ulipoondoka, sisi tulikula. Kitanda anacholalia mwanangu sasa hivi ni mgongo wako. Wewe hukuwa na chumba nyuma ya duka la rangi, hukuwa na Mama Pacha, ulikuwa na binti na njaa ya watu wengi, ukachagua tule. Ningekuwa wewe mwaka ule, ningepanda ndege ile ile. Ila mimi ni wa mwaka huu, na mwaka huu kuna kamwanya, kembamba, na nataka nijaribu kupita humo na mwanangu mgongoni. Tukishindwa, nitakuja kukuambia tumeshindwa, na utanisema, na nitakubali. Mwambie mkubwa wako ampe nafasi mtu mwingine asiye na mahali pa kujaribu. Mama nimeshamwambia. Amesema mimi ni mkaidi, kisha akaniuliza kama makoti yetu yanaweza kusaidia magoti.

Kuna jambo moja zaidi, na hili sijamwambia mtu. Mimi kushona nilifundishwa na wewe, kwenye ile cherehani ya kuazima, mguu wako juu ya mguu wangu kwenye pedali, mpaka nikajua mwendo. Pale kazini kwetu, karibu na dirisha, tumebakiza nafasi ya mashine moja. Wenzangu wanaweka vitambaa hapo. Mimi kila asubuhi naviondoa. Hawaulizi kwa nini, nami sielezi. Sikuharakishi. Uwe mwaka kesho, uwe mwaka wowote, au usiwe. Nilitaka tu ujue kwamba ipo, ina mwanga mzuri, na haina mtu.

Kidole ameamka, ndiyo maana herufi zimeanza kucheza. Anavuta karatasi.

Mama anakusalimu na anasema ule. Shemeji yako anakusalimu, anaomba msamaha kwa kuosha kikombe badala ya kusema. Mama Pacha anakusalimu ingawa hamjuani, anasema mtu anayeishi na baridi kila siku anastahili pensheni. Binti yako amesimama hapa begani kwangu na amenilazimisha niandike maneno yake kama yalivyo: ile sketi uliyomtumia inambana, nyingine usimkadirie kwa macho ya simu, uje na futi umpime mwenyewe.

Mungu akutangulie kwenye kila mlango unaoufungua, awape wazee wako usingizi ili nawe upate wako.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata ukininunia,

Mama Kidole